Boti Namba Saba Bado Iko Majini

Montevideo, 4 Septemba 2023

Shikamoo Baba,

Habari za huko Mercedes, na lile goti linasemaje baridi hii? Mimi mzima, ila mafua hayaniachi na mvua haitaki kwisha. Umekula vizuri tarehe 29, siku yetu ya ñoquis, au ulikunywa chai yako ya majani ya mate tu ukasema umeshiba? Nakujua.

Kazi ya klabu ya makasia ya hapo mtoni kwenu inaendelea. Ile programu yako uliyowaandikia mwaka 1989 nimeifungua yote, na sasa naihamishia kwenye tovuti ili wanachama waweze kuomba boti kwa simu zao. Nikuambie ukweli, Baba, nimecheka na nimekusifu. Umeandika kila kitu kwa herufi kubwa kama mtu anayemgombeza jirani. Halafu kila jina lenye herufi ya kwetu limeharibika: Peña amekuwa Pe na kidude cha ajabu, Núñez hata hasomeki. Kuna siri yoyote ya kulitatua hilo, au nirekebishe jina moja moja?

Kuna jambo jingine. Ukurasa wa kwanza unaonyesha boti ngapi ziko ndani ya banda na ngapi ziko majini. Nimeingiza data mara nne. Mara zote nne ukurasa umeniandikia: majini, moja. Boti namba saba, imekaa nje siku 11,741.

Najua boti namba saba ni ipi. Ndiyo maana sijaufungua mstari wenyewe kuona ndani yake kuna nini. Nimeinuka nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Bila shaka ni kosa langu mahali fulani. Niambie nikaangalie wapi.

Mwanao,
Mirna


Mercedes, 6 Septemba 2023

Marahaba mwanangu,

Barua yako imefika na nimefurahi. Goti ni lile lile, linatabiri mvua vizuri kuliko redio. Tarehe 29 nilikula ñoquis, vitonge vya viazi, kwa jirani, sahani mbili, kamuulize mwenyewe.

Majina usiyaguse moja moja, utazeeka. Mashine zetu za zamani zilikuwa na jedwali lao la herufi, na hizi za kwenu zina lingine. Mwambie msomaji wa faili atumie jedwali namba 850, herufi zote zitarudi mahali pake. Na hizo herufi kubwa ni kwa sababu skrini ya klabu ilikuwa mbovu na katibu, Bi Zulma, alikataa kuvaa miwani.

Hiyo ya boti ni takataka tu ya data. Faili za zamani zina mabaki. Weka kichujio, boti namba saba irukwe, kazi iishe. Usipoteze muda wako hapo.

Vaa soksi.

Babako,
Heber


Montevideo, 15 Septemba 2023

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Majina yamerudi yote, ahsante, ilikuwa kama ulivyosema.

Kichujio niliweka siku ile ile. Ukurasa ukasema: majini, sifuri. Nikafunga kompyuta, nikapika, nikala. Lakini kila nilipofungua kazi macho yalikwenda kwenye ile sifuri, nikajua inasema uongo na ni mimi niliyeifundisha. Siku ya nane nilitoa kichujio, nikaufungua mstari.

Nakuandikia kama ulivyo, ingawa nadhani unaukumbuka. Tarehe 13 Julai 1991, saa tisa na dakika thelathini na mbili alasiri. Boti 7. Mwanachama 412. Mwandishi: OLIVERA. Mwanachama 412 ni kaka yangu Fabián.

Mbele ya mstari kuna nyota. Mimi sikukulia kwenye programu hizo, ilibidi nisome. Nimejifunza kwamba kwenye faili zako, kufuta hakufuti. Mstari unawekewa nyota tu, programu inajifanya haiuoni, lakini umekaa pale pale mpaka mtu atoe amri ya pili ya kuusafisha kabisa. Chombo changu cha kusomea hakikuijua nyota. Kwa hiyo kila uliyemfuta amerudi.

Na kwa kuwa wewe ni fundi makini, uliweka pia faili la kuonyesha nani kafanya nini. Saa kumi na moja na dakika sita jioni ile, ZULMA, boti 7, ndani. Jumatatu tarehe 15, saa mbili na dakika kumi asubuhi, mstari umefutwa. Mfutaji: HEBER.

Jumatatu asubuhi, Baba, tulikuwa bado hatujamzika.

Miaka yote hii tumeambiwa Olivera, mlinzi wa banda, alimwacha Fabián atoke bila kumwandika. Alilia mbele ya kamati kwamba alimwandika, kwenye mashine, kwa vidole vyake. Wakamwita mlevi. Wakamfukuza. Mama alikufa bado anamlaani. Nami nilikuwa na miaka kumi na miwili, nilirusha jiwe kwenye dirisha lake, na ulijua nilikolirusha, na ulininunulia aiskrimu.

Nijibu.

Mirna


Montevideo, 24 Septemba 2023

Baba,

U mzima? Nimepiga simu mara sita. Jirani anasema anakuona ukimwaga majani ya mate asubuhi, kwa hiyo mikono yako inafanya kazi na inaweza kuandika.

Tovuti inafunguliwa Jumapili tarehe 8 Oktoba, siku ya mkutano mkuu wa klabu. Sitauficha ule mstari. Watu mia tatu watafungua simu zao na kuona boti moja iko majini, na mtu wa kwanza atakayebonyeza atasoma jina la Olivera. Mzee yule ana miaka themanini na nne. Sitaki ajue kwa kuonyeshwa simu dukani na mtu anayesubiri mkate. Anapaswa kujua kutoka kwako.

Una wiki mbili.

Mwanao, bado,
Mirna


Mercedes, 29 Septemba 2023

Mirna mwanangu,

Salamu zako nimezipata zote, hata zile ambazo hukuziandika. Afya ninayo, sina la kusingizia.

Nitakueleza kwa utaratibu kwa sababu vinginevyo sitamaliza.

Mashine zilikuwa mbili, moja ofisini kwa Zulma, moja bandani kwa Olivera, na zote zikiandika kwenye faili zile zile. Saa tisa Zulma alifungua kadi ya boti saba ili aandike kuhusu rangi yake. Hakuihifadhi. Akaenda kunywa mate na wenzake. Saa tisa na nusu Fabián akachukua boti, Olivera akamwandika, boti ikawa nje. Zulma akarudi saa kumi na moja, kwenye skrini yake boti bado ilikuwa ndani tangu saa tisa, akabonyeza hifadhi. Maandishi yake yakapanda juu ya ya Olivera kwenye kadi; mstari wa safari ulibaki kwenye faili lingine, lakini skrini ilisoma kadi tu. Basi, hakuna kingine. Ninyi leo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kufunga kadi wakati mtu mwingine anaiandika. Mimi pia nilijua. Nilipanga kuweka ufungaji huo mwezi wa nane.

Walipofunga banda skrini ikasema boti zote kumi na mbili ziko ndani. Nyumbani sisi tulidhani yuko kwenye basi la Fray Bentos kwa shangazi yake, na shangazi alidhani ameghairi. Hakuna aliyemtafuta mpaka boti ilipoonekana Jumapili imepinduka karibu na daraja. Yeye walimkuta kwenye kisiwa, na sweta lake jekundu amelifunga juu ya mti. Hukuambiwa hilo. Daktari alisema baridi ilimmaliza karibu na alfajiri. Alikaa pale akitusubiri kwa muda wa saa kumi na mbili, Mirna, na kutoka bandani mpaka kile kisiwa ni nusu saa kwa makasia.

Jumatatu niliingia ofisini kabla ya watu, nikauona mstari. Nikaelewa yote kwa dakika moja. Mama yako alikuwa amekaa nyumbani na viatu vya mtoto mapajani. Nikajiambia, akijua kwamba ni programu yangu, hatavuka wiki hii. Nikafuta. Alasiri kamati ikaniuliza, wewe ndiye fundi, mashine inasema nini? Nikasema mashine haina kitu. Olivera alikuwa amesimama mbele yangu kama ulivyo mlango huu.

Kisha Mama yako akavuka wiki ile, na miaka kumi na tisa mingine, nami nikaendelea kusema ni kwa ajili yake. Alipokufa nikakosa hata hicho kisingizio, na bado nikanyamaza. Nilikuwa mwoga. Sina neno zuri zaidi.

Unajiuliza kwa nini sikutoa ile amri ya pili. Kila mwaka nilikwenda kutengeneza mashine zao, na kila mwaka nilifika kwenye ile amri, kidole kikiwa juu ya kitufe. Badala yake nilikuwa naiambia programu inionyeshe vilivyofutwa. Natazama 412. Saa tisa na dakika thelathini na mbili alikuwa hai, amesimama bandani, anatamka namba yake. Hakuna mahali pengine duniani palipoandikwa hivyo. Kisha nazima na kurudi nyumbani.

Babako,
Heber


Montevideo, 30 Septemba 2023

Baba,

Nimesoma. Sijui bado nikujibu nini kuhusu wewe. Sweta lile nilimchagulia mimi.

Nenda kwa Mzee Olivera. Usimpigie simu. Nenda.

Mirna


Mercedes, 5 Oktoba 2023

Mirna mwanangu,

Natumaini mafua yameondoka. Nimekwenda.

Anaishi nyumba ile ile. Kioo cha dirisha ulilolivunja kina rangi tofauti na vingine mpaka leo. Alinifungulia akiwa na chupa ya chai kwapani, akasema, “Heber! Umepotea njia?”

Nikamwambia, “Hapana, nimechelewa tu.”

Nilikuwa nimechapisha mstari kwenye karatasi. Nilimpa nikiwa nimesimama. Akavaa miwani, akasoma polepole, akaweka kidole juu ya jina lake. Nikamweleza Zulma, nikamweleza nyota, nikamweleza Jumatatu. Nilimaliza, na yeye bado alikuwa anaangalia jina lake.

“Kwa hiyo niliandika,” akasema.

“Uliandika.”

“Maana na mimi mwishoni niliacha kuamini. Mke wangu aliniuliza mara moja tu, akiniita kwa jina langu, Wáshington, una hakika? Nikamwambia sina.”

Nilijiandaa anipige. Ningeshukuru. Badala yake akavaa viatu na kusema, “Twende.” Tukatembea mpaka bandani, wazee wawili tusiosemezana, watu wakitugeukia. Kijana wa zamu alimpisha kama mtu aliyemzoea. Nikauliza, akaniambia huyu mzee huja kila jioni kabla ya kufunga, anahesabu boti, anaondoka. Tangu kijana huyo aajiriwe, na kabla yake pia. Walidhani ni uzee.

Unakumbuka ubao wa zamani wenye vigingi, kimoja kwa kila boti? Wewe ulikuwa mdogo. Kabla ya mashine yangu, Olivera alikuwa akihesabu boti kwa mkono kila jioni, anazigusa moja moja, ndipo afunge. Mimi niliung'oa ule ubao. Akaniambia mbele ya wote kwamba ataendelea kuhesabu hata hivyo. Nikamcheka. Nikasema, “Olivera, mashine inahesabu, wewe kazi yako kusoma. Au hujui kusoma?” Banda zima likacheka.

Basi juzi akapita akigusa boti, moja, mbili, tatu, nne, tano. Akasimama. Mkono wake ulibaki juu ya ile ya tano.

“Jioni ile nilianza kuhesabu,” akaniambia. “Skrini ilisema zote ziko ndani, lakini nilianza. Nilifika hapa. Nikakumbuka ulivyonicheka, nikazima taa.”

Alimaliza kuhesabu, akipita nafasi ya boti saba iliyo tupu tangu mwaka ule, akarudi kwake peke yake.

Jumapili nitasimama mkutanoni. Karatasi ninayo mfukoni. Ule mstari usiufute.

Babako,
Heber


Montevideo, 14 Novemba 2023

Shikamoo Baba,

Hali yako ikoje tangu mkutano? Hujaniandikia, nami sikujua nianzeje. Niliambiwa ulisoma karatasi yote bila kukaa, na kwamba watu walitoka bila kukuaga. Niliambiwa kamati imemwandikia Mzee Olivera barua ya kumwomba radhi, naye ameirudisha bila kuifungua.

Mimi pia nilimwandikia, kuhusu dirisha. Yangu aliifungua. Amenijibu mstari mmoja, kwamba kioo kipya hakipitishi upepo kama kile cha zamani. Nimelia kwenye basi mpaka kituo cha mwisho.

Wanachama wananiandikia kuhusu ukurasa. Kila wiki wawili watatu, wananiambia kwa adabu kwamba kuna hitilafu, mbona inasema boti moja iko majini. Nawajibu kwamba si hitilafu. Kadi sasa zinajifunga zenyewe mtu anapoandika, Baba. Hilo nililiweka la kwanza kabla ya yote.

Jirani yako ameniambia jambo. Anasema kila jioni anakuona unakwenda bandani, na kwamba Mzee Olivera hukusubiri mlangoni. Mnahesabu boti wawili, hamsemezani, kisha kila mmoja anashika njia yake.

Ninakuja Krismasi. Sijakusamehe, lakini ninakuja. Mkimaliza kuhesabu, niandikieni mmepata ngapi.

Mwanao,
Mirna


Mercedes, 20 Novemba 2023

Marahaba mwanangu,

Kumi na moja. Tumerudia mara mbili.

Babako
na W. Olivera