Ukuta wa Daraja Tulipovalia Viatu

Mama Chebet, mke wa ujana wangu,

Nimeuona tena mji wa Kericho kama ulivyouacha. Sikuota, na wala sijaanza kuchanganyikiwa kama wenzangu wengine wa rika langu. Niliuona mchana kweupe kwenye simu ya binti yako, nikiwa nimekaa sebuleni hapa Sosiot, kikombe cha chai mkononi.

Ngoja nikueleze, maana najua ungeniuliza. Zamani zile kulikuwa na Mzungu fulani aliyezunguka na kamera ya sinema akipiga picha za barabara za mji. Jina lake halikuandikwa popote. Pengine alikuwa mgeni wa mashamba ya chai, pengine alikuwa anapita tu. Filamu yake ilikaa kwenye mkebe huko ng'ambo mpaka watu wake wakaitoa, wakaigeuza kuwa video, wakaiweka mahali ambapo yeyote mwenye simu anaweza kuitazama. Na simu za siku hizi si kama ile nyeusi ya posta. Mtu anaibeba mfukoni, na ndani yake mna redio, barua na benki. Kumbe mna hata ile miaka yetu.

Filamu yenyewe haina sauti, na watu wote wanatembea mbio mbio kama kuku waliomwagiwa mahindi. Nilimweleza Chebet kwamba hiyo ni kazi ya mashine. Filamu ya zamani ikizungushwa kwa mwendo wa mashine mpya hukimbia kuliko ilivyopigwa. Kwa hivyo mji mzima unaonekana una haraka, na wewe unajua hatukuwa na haraka. Rangi nazo zimechakaa, majani ya chai yamekuwa ya buluu. Lakini mengine yote yako. Veranda ndefu ya maduka ya Wahindi iko. Fundi wa cherehani yuko palepale nje ya duka la vitambaa, mguu wake haupumziki. Lori la majani ya chai linashuka, limejaa magunia. Kisha mvua ya mchana inaanza, na watu wanakimbilia veranda wote kwa pamoja, kama walioambizana. Mvua hiyo haijabadilika. Ingali inatufukuza hivyo hivyo.

Lakini Chebet hakusafiri kuja kunionyesha maduka.

Ulipotuacha alikuwa hajajifunza kusimama. Sasa ni nesi huko Longisa, ana mvi zake, na umri wako aliupita zamani sana. Katika maisha hayo yote hajawahi kuona sura yako. Watu wakimwuliza inakuwaje mtu asiwe na hata picha moja ya mama yake, huwa wanadhani tulizembea. Wao wamezaliwa katika dunia ambayo hata ng'ombe anapigwa picha. Hawajui kwamba wakati ule serikali iliwapa wanaume peke yao vitambulisho, kwa hivyo hata ile picha ndogo ya kitambulisho hukuwa nayo. Na za harusi zetu unajua yaliyozipata. Mpiga picha alifungua kamera kabla ya kuirudisha filamu yote, mwanga ukaingia, na zilipotoka zilikuwa nyeupe kama maziwa. Mimi nilikasirika. Wewe ulicheka mpaka ukashika ukuta. "Basi tutarudia," ukasema. "Tukiwa na mtoto wa kutushikia maua."

Mwaka huu tuliamua kulisakafia kaburi lako na kufanya ibada ya kumbukumbu. Siku hizi ibada kama hiyo inataka bango kubwa lenye picha ya marehemu, litundikwe pale watu wanapoingilia. Chebet alishapata duka la kuchapisha mabango huko Bomet. Kilichokosekana ni picha. Ndipo akaikuta hiyo filamu, akaitazama mpaka macho yakamwuma, na ndani yake akamwona mwanamke.

"Baba, angalia huyu wa kitambaa cheupe," akaniambia, ameniwekea simu karibu na pua. "Anatoka dukani na kikapu. Ngoja... hapo! Ameangalia kamera. Si ni yeye?"

Nikavua miwani, nikaipangusa, nikaivaa tena. "Rudisha," nikasema.

Mama Kiprono alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Huyu ndiye niliyemwoa baadaye, ndiye aliyemlea binti yako. Akacheka. "Huyu Mwalimu! Hata ukimwambia mvua inanyesha, lazima kwanza anyooshe mkono nje."

"Mama, wacha aangalie," Chebet akasema. "Yule wa mabango anataka picha leo, ndio bango liwe tayari Ijumaa. Baba, sema tu."

Mwanamke yule alikuwa kijana, mrefu kiasi chako, mwembamba kiasi chako. Alitoka chini ya veranda, akatazama kamera kwa kitambo kifupi, akavuka barabara. Uso wake ulikuwa umefifia, lakini ulikuwa uso mzuri. Nikakaza macho. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Maduka yote niliyatambua, hata mlango wa duka la chumvi uliokuwa na ubao uliopasuka. Nilipotafuta uso wako kichwani, niufananishe na ule wa kwenye simu, sikuupata. Nilipata sauti yako. Nilipata kucheka kwako. Mahali pa uso palikuwa peupe kama zile picha za harusi.

Kwa hivyo nami nilitaka awe wewe. Ningesema ndiyo, Chebet angepata mama, nami ningepata uso wa kukumbuka. Ule uso ningeweza kuuzoea.

Nikaiacha video iendelee. Mwanamke akafika mwisho wa maduka, akashuka kwenye lile daraja dogo la njia ya kwetu, akalivuka bila kusimama, akaanza kupanda mlima upande wa pili na viatu vyake miguuni. Nikarudisha simu mezani.

"Si yeye," nikasema.

Chebet akaichukua simu. "Baba, sura yenyewe haionekani vizuri. Umejuaje?"

"Nimejua tu."

"Umejua tu!" Akasimama. "Wanafunzi wako wakikuletea jibu bila kuonyesha njia, ulikuwa unawapa alama? Mimi nilikuwa darasa lako. Ulikuwa unanikata."

Akatoka nje akaenda kusimama kwenye zizi, mgongo wake kwetu, kama mtu aliyefuata maziwa na hakubeba ndoo.

Njia ya kulifikia jibu lile ilipita kwako, na mimi katika nyumba hii sikuwa na desturi ya kukutaja. Niliona ni heshima kwa huyu aliyekuja akakuta mtoto wa mwingine akilia, akamfunga mgongoni. Mama Kiprono aliendelea na mboga zake mpaka akamaliza. Kisha akasema, bila kuniangalia:

"Umemwambia huyo si mama yake. Sasa nenda umwambie mama yake ni yupi."

"Sikutaka wewe..."

"Mimi nilimlea. Ukitaja jina la aliyemzaa, ulezi wangu unafutika? Nenda, Mwalimu. Na ufunge sweta, kuna baridi."

Nikafunga sweta, nikaenda zizini. Nikamwonyesha Chebet njia, hatua kwa hatua, kama hesabu ya ubaoni.

Nikamwambia kwamba kutoka hapa mpaka mjini tulikwenda kwa miguu, na kwamba wewe hukuvaa viatu njiani hata mara moja. Ulivifunga kwa gazeti la zamani nililokuletea kutoka shuleni, ukaviweka juu kabisa ndani ya kikapu. Vilikuwa raba nyeupe. Jumamosi asubuhi nilivisugua kwa chaki, vipande vile vifupi visivyoshikika tena ubaoni, mpaka vikang'aa kuliko vya binti yeyote wa mjini. Tukifika darajani uliteremka kwenye kijito, ukanawa miguu, halafu ukaniita huku unakunja ncha ya leso ujipangusie: "Mwalimu, geuka uangalie ng'ambo kidogo. Mwanamke anavaa." Nami niligeuka nikatazama mashamba ya chai, mume mzima, kana kwamba sijawahi kuiona miguu yako.

Ulikuwa unakaa juu ya ukuta wa daraja, upande wa kushoto ukitoka kwetu. Hapo jiwe moja lilikuwa limemeguka, pakawa na shimo lililolingana na mtu kama kiti. Ulivaa, ukasimama, ukakanyaga mara mbili kujaribu, ukaingia mjini. Tukirudi, kabla hujaupanda mlima, uliketi hapo hapo ukavivua. Siku moja ilikuwa imenyesha sana na njia yote ilikuwa tope na kokoto. Nikakusihi urudi navyo miguuni. Ukaniangalia kama mtoto asiyeelewa somo. "Viatu ni vya mjini," ukasema. "Miguu ni yangu."

"Kwa hivyo yule aliyepita na viatu..." Chebet akaanza.

"Yule ni mama ya mtu," nikamwambia. "Pengine kuna mtu mahali anamtafuta. Lakini mama yako hangelipita lile daraja hivyo."

Nikamwambia pia jambo la mwisho, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mlango. Siku uliyopelekwa hospitali na ile homa hukutembea. Lori la majani ya chai lilikubeba juu ya magunia, mimi pembeni nimekushika kichwa. Nilikuwa nimevibeba vile viatu kwenye gazeti lao, kwa sababu nilijua utavihitaji ukitoka. Nilirudi navyo vikiwa bado vimefungwa. Dada yako alivichukua, nami nilifurahi kwamba vilipata mtu wa kutembea navyo.

Chebet alipangusa macho kwa kiganja, namna watu wa hospitali wanavyofanya, haraka, kama kazi nyingine inasubiri. Akasema, "Hilo daraja, si liko kwa video?"

Tukarudi ndani. Alirudisha filamu mpaka pale yule Mzungu anapogeuka na kamera yake, kabla tu ya mvua. Hapo daraja linaonekana kwa karibu, kwa muda mfupi sana. Akaisimamisha. Upande wa kulia wameketi wanawake wawili, mmoja ameinama anafunga kamba ya kiatu. Upande wa kushoto hakuna mtu. Kuna ukuta tu, na juu yake lile jiwe lililomeguka, na kiti chako.

"Hapo," nikasema. Nikaweka kidole juu ya lile jiwe. "Hapo ndipo. Hapo nina hakika."

Mama Kiprono alikuja akainama juu ya bega langu na mikono yake yenye maji ya mboga. Akatazama muda mrefu. "Ni pazuri," akasema.

Yule wa mabango alipiga simu mara mbili siku ile kuuliza kama hakuna kosa. "Madam, umenitumia daraja. Picha ya marehemu je?" Chebet akamwambia hakuna kosa, achapishe hivyo hivyo, aandike jina chini.

Na ndivyo ilivyokuwa. Jana watu walikuja, kanisa lilikuja, kaburi limesakafiwa vizuri, na kwenye lango lilitundikwa bango la ukuta mtupu. Nilisikia minong'ono. Wengine walifikiri ni umaskini, wengine wakafikiri ni dini mpya. Kisha akafika bibi mmoja, gogo wa huku juu, anayetembea kwa fimbo sasa, akasimama mbele ya bango na sauti yake isiyojua kunong'ona.

"Daraja nimeliona. Mwenye kumbukumbu yuko wapi?"

Chebet akamshika mkono. "Gogo, ameshavaa viatu. Ameingia mjini."

Bibi yule akasogea karibu, pua yake nusura iguse kitambaa. Akaliangalia lile jiwe. Midomo yake ikacheza.

"Ee," akasema. "Hapo pa kushoto palikuwa pake. Alikuwa anatuwahi kila Jumamosi, sisi wengine tungali kwenye maji tunanawa miguu. Na vile viatu! Alikuwa anavifanya nini vikawa vyeupe hivyo? Alikataa kutuambia."

Binti yako alicheka mpaka akashika nguzo ya lango. Nilikuwa nimesimama mbali kidogo, na nilikujua katika kule kucheka. Kisha nikamsikia akimwambia yule bibi, polepole, neno moja moja: "Ilikuwa chaki, Gogo. Baba alikuwa mwalimu."

Viti vya kukodi vimeshachukuliwa. Bango Chebet ameondoka nalo kwenda Longisa, anasema ataliweka sebuleni kwake, na atakayeuliza ataelezwa. Uso wako bado sina, na sitakuongopea kwamba umenirudia. Daraja lenyewe halipo tena, barabara imepanuliwa na magari yanapita bila kujua kwamba chini yake kuna kijito.

Mimi bado niko njiani, Mama Chebet, miguu mitupu, viatu vyangu vimefungwa kwenye gazeti. Siendi haraka. Nikifika nitateremka kwanza ninawe. Nawe ugeuke kidogo, uangalie ng'ambo.

Ni mimi,
Baba Chebet