Unga wa Magoti na Kopo Chini ya Gunia

Mzee Rashidi,

Kwa heshima zote zinazostahili, na mbele ya mashahidi wawili, yaani fundi wa kuchomelea na mbuzi wa jirani, natangaza rasmi kwamba benchi ya wateja imepata mguu wa nne. Lile tofali lako limestaafu. Fundi amechomelea kipande cha bomba la gari bovu, na benchi sasa inasimama bila kuyumba. Ni mgonjwa wa kwanza kupona mguu hapa Buyenzi tangu ulipoondoka.

Nakuandikia nimesimama, karatasi iko juu ya gunia la manjano. Nikikaa nainuka. Asubuhi hii nimefagia mlangoni mara tatu na hakuna aliyepita kuchafua.

Wazee wa mtaa walinituma kwako makaburini. Wanasema unga wangu wa magoti hauna nguvu kwa sababu ulikufa bila kunipa ruhusa. Mwanafunzi asiyeruhusiwa na mwalimu wake, wanasema, anatwanga vumbi tu. Niende nisimame miguuni pako nikuombe. Nilikwenda Ijumaa. Nilisimama kidogo, nikang'oa magugu, nikarudi nyumbani. Ningekuombaje ruhusa wakati najua ni kitu gani kimepungua kwenye unga? Na wewe unakijua. Au hukukijua. Hapo ndipo ninapozunguka kama kuku aliyefungwa kamba mguuni.

Ukumbuke Alhamisi zetu. Manjano, tangawizi kavu, mdalasini, pilipili manga: vyote nilitwanga mimi kwa mikono hii. Nikimaliza, unanituma sokoni na unafunga mlango. "Nenda polepole, Mwaju, kuna dua inasomwa hapa." Miaka kumi na moja nilizunguka soko bila kununua kitu ili dua yako ipate nafasi. Wauza ndimu walidhani natafuta mume.

Ulipokufa, unga uliobaki ulitosha wiki tatu. Nikatwanga mwingine. Kwa kuwa dua yako sikuijua, nilisoma zote ninazozijua, mpaka ile ya kupanda chombo cha safari, kwa tahadhari. Sauti ilinikauka juu ya kinu. Na wateja wakaanza kurudi, kila mmoja na magoti yake. Yule mzee aliyebeba mizigo bandarini toka ujana alinitupia pakiti mezani. "Binti, hii ni mboga. Ile ya mzee ilikuwa dawa."

Baada ya arobaini yako nilisafisha ghala. Nikanyanyua gunia la tangawizi, na chini yake kulikuwa na kopo la maziwa ya mtoto. Ndani yake vidonge vidogo vyeupe, vimejaa, na karatasi yake imekunjwa mara nne. Unajua mimi shule sikukaa. Kifaransa nilijifunza kwenye makaratasi ya dawa, ndiyo maana naweza kukueleza madhara ya dawa ya minyoo lakini siwezi kuagiza chai. Nilisoma yote. Dawa ya uvimbe na maumivu, dawa kali. Isitumiwe muda mrefu bila daktari. Mtu aliyeizoea asiiache ghafla.

Nilimuuliza yule mfanyabiashara wa Uvira aliyekuwa anakuletea sabuni. Hata hakupepesa macho. "Mzee alikuwa anasema lete vitamini ya mifupa, mi naleta."

Basi labda hukujua. Kifaransa hukusoma, na kila asubuhi ulilamba kijiko kizima mbele ya wateja: "Muone, mi wa kwanza." Mtu anayejua kuna hatari halambi. Lakini vitamini, Mzee wangu, haifichwi chini ya gunia. Na dua haisagwi ikatiwa kwenye unga. Nageuza hivi, nageuza vile, na kila upande una ncha.

Siku tisa nilinyamaza. Nilijiambia namstiri marehemu. Uongo. Nilikuwa nalistiri jina lako juu ya mlango, kwa sababu ndilo linalonilisha.

Siku ya kumi alikuja Mama Faustina, mteja wetu wa miaka mitatu. Huyu wa Kanyosha, muuza sombe, yale majani ya muhogo, ambaye ulikuwa unamtania kwamba wakatoliki wanachakaza magoti kwa kupiga magoti vibaya, naye anakujibu, "Na we unapiga mara tano kwa siku, bado Mungu hajamaliza na we?" Alikuwa amekonda usoni. Alisema si magoti tu sasa, mwili wote umekuwa kama nguo iliyolowa. Akanyoosha mkono kuchukua pakiti, akaanguka hapo hapo mlangoni. Benchi ilikuwa bado na miguu mitatu. Hakupata pa kujishikilia.

Tukampakia kwenye teksi, mimi na binti yake, mpaka dispensari. Daktari aliuliza swali moja: alikuwa anatumia dawa gani?

"Dawa za asili tu," binti akajibu. Akanitazama nithibitishe.

Mzee, nilikuwa na ile karatasi kwenye pindo la kanga. Siku tisa nilitembea nayo, sijui nikingoja nini. Niliifungua mikunjo yake minne nikampa daktari, nikamwambia ilitiwa kwenye unga, na kwamba mimi nimetwanga unga mwingine bila kitu hicho. Akasoma. Akasema mwili wa Mama Faustina ulisahau kujitengenezea dawa yake yenyewe ya namna hiyo, na dawa imekatwa siku moja kama mtu anayevuta mkeka chini ya aliyesimama. Alipaswa kupunguziwa polepole. Akaanza kumtundikia dripu.

Binti hakunitukana. Alisema tu, "Miaka mitatu." Halafu tena, "Miaka mitatu, Da Mwaju."

Jioni Mama Faustina alifumbua macho na akaelezwa. Akacheka kidogo, bila furaha. "Mi niliacha vidonge vya farmasi kwa kuogopa tumbo yangu. Nikakimbilia kwa mzee." Kisha akanigeuzia mgongo, na mimi nikabaki nautazama ule mgongo mpaka muuguzi akaniondoa.

Mlangoni nilimuuliza daktari juu yako. Kwamba kuna mzee alilamba kijiko kila asubuhi, akatapika damu, akafa ndani ya siku mbili. Aliuliza tu kijiko kilikuwa cha ukubwa gani.

Kile kikubwa, Mzee. Cha supu.

Usiku huo sikulala, nilisimama nikakumbuka. Jinsi ulivyokuwa unashika goti la mtu kwa viganja viwili kama unapasha yai, unamuuliza habari za wajukuu mmoja mmoja kwa majina, goti moja nusu saa. Wengine walikuwa wanainuka nafuu kabla hawajameza kitu. Niliona kwa macho yangu. Ungeishia hapo. Kwa nini hukuishia hapo?

Kopo nilimpelekea daktari. Halafu nilipita nyumba kwa nyumba kwa wateja wote wa siku nyingi, kuwaambia wasikae nyumbani na udhaifu kama wa Mama Faustina, waende wapimwe. Kwa imamu wetu mstaafu nilikaribishwa chai mpaka nilipofungua mdomo. "Unamvua nguo marehemu," akasema, na chai ikachukuliwa. Yule mzee wa bandari alinisikiliza hadi mwisho, mkono sikioni. "Sasa kama ni vidonge, umeacha kuvitia kwa nini?" Nikamweleza madhara yake: tumbo, sukari, mifupa kuoza. Akatikisa kichwa. "Mi sikumuuliza mzee anatia nini. Nilimuuliza kama nitainuka. Na niliinuka." Nilimpeleka dispensari mwenyewe, akinitukana njia nzima, na bado alinishika bega kwa sababu hawezi kutembea bila kushika kitu.

Mama Faustina ametoka. Anapunguziwa kidonge robo robo. Juzi alikuja, akaijaribu benchi kwanza kwa mkono, akakaa, akasema, "Hii nayo mumeiwekea vidonge?" Nililowesha kitambaa maji ya moto nikamkanda goti, nikamuuliza habari za wajukuu. Majina ninayachanganya. Alinisahihisha. Daktari amesema manjano na tangawizi huenda vikamsaidia mtu kidogo, na kwa wengine visifanye kitu, na mwenye dawa nyingine aulize kwanza. Nimeyaandika hayo kwa mkono kwenye kila pakiti. Hujawahi kuona maandishi yanayofukuza wateja vizuri namna hiyo.

Nina hasira na wewe. Nikisikia mtu anakohoa kama wewe barabarani, natoka mbio kutazama. Vyote viwili, siku moja, wakati mwingine saa moja.

Ruhusa siombi, Mzee. Ningeiomba ungenipa, nakujua, na ningeogopa kuipokea. Jina lako nimeliacha juu ya mlango, ila mlango wenyewe ninakuahidi hautafungwa tena Alhamisi. Nitatwanga watu wananiona. Na mtu akiniuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nitaanza na viganja vyako, kisha nitafika kwenye kopo. Sitaruka hata kimoja. Pumzika sasa. Mungu akupokee na akuulize mwenyewe, maana mimi nimeshindwa.

Mwanafunzi wako, Mwajuma.

Wiki hii pakiti karibu zote zimechukuliwa na mama mmoja mwenye arusi. Anazitia kwenye pilau.