Jenereta Katika Tanuri la Nyama

Ijumaa, 10 Januari 2025. Ibra, Omani.

Miaka sitini na moja tangu nitoke Unguja. Hamsini na moja tangu nifike hapa. Nimehesabu asubuhi hii nikiwa na brashi ya waya mkononi, nakwangua kutu kwenye boliti nilizozikaza mwenyewe nilipokuwa kijana.

Leo, katika kibanda cha umeme wa zamani wa mtaa, tumeitoa rota, sehemu ya jenereta inayozunguka. Miguu mitatu ya mabomba, winchi ya mnyororo, na kelele nyingi kutoka kwa Suleiman, mwenzangu wa Pemba, ambaye hakushika mnyororo hata mara moja. Nasra ndiye aliyesimamia. Mhandisi wa umeme, kazi yake mji wa Sur, huja kila mwisho wa wiki kwa hiari yake. Kazaliwa hapa, bibi yake ni wa kwetu Vuga. Kiswahili chake hukitoa vipande vipande lakini hakionei haya. Hilo linanifurahisha.

Injini ya dizeli tuliimaliza mwaka jana, inanguruma kama mpya. Kilichobaki ni jenereta yenyewe. Hamed, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyeinunua kwa ajili ya mtaa, katuletea habari wakati wa kahawa. Warithi wenzake wamechoka kusubiri. Ikitoa umeme kabla ya Ramadhani, kibanda kitahifadhiwa pamoja na nyumba za zamani. Isipotoa, mnunuzi wa vyuma kutoka Sinaw ataleta lori.

Nimemaliza kahawa yangu nikarudi kwenye brashi. Mgongo unauma. Nashukuru kwamba nina kitu cha kuniumiza mgongo.

Jumamosi, 11 Januari

Nasra kapima koili kwa mita yake. Mbaya. Zimenyonya unyevu miaka thelathini na zaidi, tangu umeme wa serikali ulipofika, karibu na mfereji wa falaji. Ukiziwasha hivi zitaungua.

Zuwena kapiga simu usiku. Dada yangu wa mwisho, yuko peke yake sasa katika nyumba ya wazazi wetu huko Unguja. Chumba cha juu kimepakwa chokaa, kitanda kimewekwa, chandarua kimefungwa. Hataki nije kutembea. Anataka nije kukaa. Kaniambia dirisha linatazama kisimani. Sikumbuki kisima. Sikumwambia.

Nimemwambia nitampa jibu mashine ikimalizika. Kacheka. Kasema, kaka, watu huniambia watanijibu wakishasali istihara kumtaka Mungu shauri, wewe unaniambia chuma.

Lakini ndivyo ilivyo. Mke wangu nimemzika hapa. Watoto wako Maskati na kwingine, wana mambo yao. Kilichobaki katika mtaa huu chenye alama ya mkono wangu ni mashine hiyo. Lori la Sinaw likiichukua, sioni sababu ya kumnyima Zuwena.

Jumatano, 15 Januari

Karakana za Maskati zenye oveni ya kukaushia koili zinasema mpaka baada ya Idi. Hatuna mpaka baada ya Idi.

Nimelala nikiwaza karakana ya reli, Nairobi, nilikojifunza kazi baada ya kutoka Unguja. Injini za treni za dizeli zilikuja na jenereta kubwa kama chumba. Tulizitoa, tukaziosha, tukaziingiza katika oveni ya matofali, moto mdogo, siku nzima na usiku. Hakukuwa na siri. Joto la polepole na mahali pa mvuke kutokea.

Asubuhi nikaona jibu lilikuwa nyuma ya ukuta wa Hamed. Tanuri la shuwa. Shimo ambamo kila Idi ukoo mzima hufukia nyama iliyopakwa viungo, wakaifunika kwa udongo, wakaifukua siku ya pili. Limekaa tupu tangu Idi iliyopita.

Nimemweleza Hamed, kalizunguka shimo. Halafu kauliza kama nyama ya Idi itanuka dizeli. Nikamwambia kidogo. Akasema bismillahi.

Ijumaa, 17 Januari

Kazi nzuri leo. Niandike yote nisisahau.

Kuni za mgunga tangu alfajiri mpaka zikawa makaa matupu. Juu ya makaa mawe, juu ya mawe bati, juu ya bati nondo mbili, na rota imelala juu ya nondo. Koili za nje pembeni yake. Nasra kashusha waya wa kipimajoto. Mfuniko wa chuma tumeuweka, tukaacha upenyo wa kiganja upande mmoja ili unyevu utoke. Hiyo ndiyo kazi yote: moto wa pole na upenyo.

Suleiman kasema sisi watu wa Unguja tumezidi, hata chuma tunakipika. Nikamjibu kwao Wete wangekila. Tumecheka mpaka Nasra akauliza Wete ni nini.

Nasra kaondoka kabla ya magharibi, ana zamu kazini. Sisi tumekwenda kulala. Nina furaha. Naiandika wazi kwa sababu si kila siku.

Jumamosi, 18 Januari

Balaa.

Nilifika baada ya alfajiri. Tanuri limefunikwa kabisa. Udongo umekandikwa juu ya mfuniko, laini, umepigwa kwa mkono wa mtu anayejua, na juu yake magunia yaliyolowa. Hakuna upenyo. Nimesimama pale kama mjinga.

Ni Bi Thuraya, shangazi yake Hamed. Mdogo kwangu kwa umri, lakini ni mama wa mtaa mzima. Alipita jioni, akaona mvuke unatoka tanurini, akadhani wanaume wamesahau kuziba na nyama yetu itakauka. Katuhurumia. Kachota maji ya falaji, kakanda udongo, kafunga kila kitu kama alivyofanya maisha yake yote. Na kwa kuwa alikuwa mwema, kawaambia na majirani.

Kwa hiyo tulipofukua, watu kumi na zaidi walikuwa wamesimama na masinia. Hapa tanuri likifunguliwa, aliyekuja hafukuzwi mikono mitupu. Mfuniko ukanyanyuliwa. Mvuke ukatupanda usoni. Chini, rota, inatiririka maji.

Halafu mzee mmoja kauliza kwa Kiarabu kama imeiva.

Nasra kaja kutoka Sur moja kwa moja baada ya zamu, kapima. Mbaya kuliko wiki iliyopita. Maji yote yaliyotaka kutoka yamerudishwa ndani. Bi Thuraya kasimama mlangoni, shela mdomoni, haelewi kwa nini nyuso zetu ziko vile. Hamed alipomweleza, kakaa chini juu ya jiwe. Nikamwendea. Nikamwambia, mama, umefunga vizuri kuliko tungeweza sisi. Na kweli alifunga vizuri. Hiyo ndiyo ilikuwa shida.

Kabla ya adhuhuri kila mwenye sinia alipelekewa wali na nyama kutoka jikoni kwa Bi Thuraya. Hakubali deni la heshima.

Jumapili, 19 Januari

Sikutoka. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Hii nilitaka niifute, naiacha. Nilishika simu nimwambie Zuwena nakuja. Nikatafuta jina lake, nikaliona, nikaweka simu chini ya mto kama mtoto.

Jumatano, 22 Januari

Bi Thuraya kanitumia tende na ujumbe. Hamed kautafsiri kwa uangalifu, ingawa Kiarabu changu kimetosha tangu zamani. Mama anasema hivi: mwaka mashine ilipowaka mara ya kwanza alikuwa bibi harusi. Taa moja chumbani. Usiku ule aliuona uso wa mumewe vizuri kwa mara ya kwanza, na akamshukuru Mungu kwamba hakudanganywa. Anataka tupike tena. Safari hii atalinda upenyo yeye mwenyewe.

Nakumbuka mwaka ule. Nilikuwa mgeni, Kiarabu changu kibovu, watoto waliniigiza nikiongea. Halafu taa zikawaka kuanzia magharibi mpaka baada ya isha, kila nyumba taa moja, na kufikia wiki ya pili nilikuwa na jina. Seif Kahraba. Seif wa Umeme. Wanawake waliniletea sahani bila kuniuliza mimi ni wa nani. Sikuwahi kuulizwa tena.

Jumamosi, 1 Februari

Safari hii mashimo mawili. Tanuri la Hamed kwa chuma, la jirani kwa mbuzi, ili mwenye sinia asije bure. Moto tuliuwasha jana mapema.

Bi Thuraya kaleta mkeka wake, kaketi karibu na upenyo jana kutwa, fimbo mkononi. Aliyesogea na udongo angepigwa. Suleiman alisogea bila udongo, akapigwa pia. Usiku Bi Thuraya kampokeza Hamed fimbo pamoja na maagizo marefu.

Tumefukua adhuhuri. Rota kavu, ya moto mkononi kama mkate. Nasra kapima mara tatu maana hakuamini. Sindano ya mita ikapanda na ikakaa. Kaniangalia na kuinua dole gumba, kisha kakumbuka kuwa mimi ni mzee, kalishusha na kusema alhamdulillahi.

Nyama ilikuwa nzuri sana.

Jumamosi, 8 Februari

Vanishi juu ya koili wiki nzima, imekauka. Brashi mpya za kaboni, zile zinazogusa rota na kupitisha umeme, nimezisugua mwenyewe mpaka zikakaa sawasawa. Macho hayatoshi, vidole vinatosha. Rota imerudi mahali pake. Hamed ananiuliza kila saa kama itawaka. Namwambia inshallah. Mimi pia najiuliza kila saa.

Shaaban imeshaingia, Ramadhani ni mwezi ujao. Mtu wa Sinaw kapiga simu kumkumbusha.

Ijumaa, 14 Februari

Baada ya sala mtaa mzima ulikuwa pale. Taa kumi na mbili tumezitundika ukutani, za zamani, moja kwa kila nyumba iliyokuwa na watu mwaka ule. Warithi wamekuja wote. Mmoja hata kiti hakukitaka.

Injini ikashika mara moja. Jenereta ikazunguka vizuri, bila mtetemo, sauti ileile. Nilifumba macho.

Nilipoyafumbua sindano ilikuwa sifuri.

Nikakaza kila kiungo. Sifuri. Nikabadilisha brashi. Sifuri. Watu wakaanza kunionea huruma. Nilijua nimeiua. Ule mvuke wa kwanza, au moto wa pili, wazo langu lote la kupika mashine kama mguu wa mbuzi. Nilitaka Zuwena apige simu wakati uleule nimwambie ndiyo, nakuja, niondoke hapa.

Nasra kanivuta mkono. Kasema, "Mashine hajafa, babu. Amesahau tu."

Sikuelewa. Kanielezea kwa lugha zote mbili. Jenereta ya namna hii huanza kwa sumaku kidogo iliyobaki ndani ya chuma chake tangu mara ya mwisho ilipofanya kazi. Kutoka kidogo hicho inajijenga. Hii imekaa miongo mitatu, tumeigonga kwa nyundo, tumeioka mara mbili. Haina tena cha kuanzia. Ningepaswa kulijua hilo. Lakini jenereta za karakana ya reli hazikulala hata wiki moja, na hii yangu enzi zake ilikuwa haikosi kazi kila jioni. Sijawahi kuwa na mashine iliyoachwa muda mrefu kiasi hicho.

Kaleta betri kutoka gari lake. Waya mbili. Kagusisha ncha, kahesabu kwa Kiarabu mpaka tatu, kaziondoa.

Sindano ikatikisika. Ikaanza kupanda, pole, kama mtu anayeamka na kuangalia chumba alichomo. Halafu taa. Nyekundu kwanza, kisha njano, kisha zote kumi na mbili.

Bi Thuraya kapiga kigelegele ambacho sikudhani kifua chake bado kinacho. Yule mrithi aliyekataa kiti kaketi. Suleiman kageuka ukutani akijifanya anatazama nyaya.

Nililia mbele za watu. Sioni haya.

Jumapili, 16 Februari

Mtu wa Sinaw kaambiwa asije. Kibanda kitapakwa, mlango mpya utawekwa. Nasra anataka tuiwashe kila mwezi, kidogo tu, isisahau tena. Kila mwezi mtu lazima awepo. Kaniuliza kama nitakuwepo, halafu kabla sijajibu kaanza kupakia vifaa, kama jambo lenyewe halina swali.

Jioni hii nilikwenda kuiwasha peke yangu. Hapana sababu. Nikampigia Zuwena kutoka pale. Kauliza ni kelele gani hiyo. Nikasema ndiyo hiyo mashine. Nikaisogeza simu karibu. Akaisikiliza muda, naye hupenda kumaliza salio la watu.

Halafu akasema, "Basi kaa nayo, kaka. Chumba nitampa mjukuu."

Nikamuuliza kile kisima kiko upande gani. Kaniambia upande wa mlango wa nyuma, karibu na mpera. Kilifukiwa zamani, lakini bado wanaliita dirisha la kisimani. Nikamshukuru. Nimeandika hapa ili nikijue.

Nilizima injini. Taa zikafifia polepole, chuma kikabaki na joto. Nikakaa mpaka adhana ya isha. Bi Thuraya katuma sahani, imefunikwa kwa kitambaa, imefungwa vizuri.

Nina umri wa miaka sabini na minane. Nimepewa nchi mbili, na zote mbili zilinilisha. Unguja sitarudi.