Andati Analima Bila Kiboko

Navakholo, Kakamega
9 Machi 2025

Mpendwa mwana wa mama, Mwalimu Wandera,

Mulembe. Uko aje huko Thailand? Umepata obusuma, ugali yetu, ama bado wanakulisha mchele kama kuku? Sisi wazima. Magoti yangu inalia kidogo, lakini kifua bado ya kijana.

Barua yako nilisoma pole pole siku mbili. Ati watawa wa Buddha wanafagianga uwanja miaka na miaka mpaka ufagio ujifagie, roho itulie, waone mwanga. Nilicheka. Mimi nimeshika jembe ya ng'ombe miaka arobaini na tano. Kuna siku nililima nikiwa nimelala, nikaamkia Butali, na mstari imenyooka. Watu wa huko bado wanaulizana nani alipasua hiyo barabara.

Sasa sikia yenye inaniuma. Unajua ni mimi nafunguanga mstari wa kwanza kwa shamba ya kikundi cha akina mama, tangu mama yetu akiwa hai. Mwaka huu wamemwita Andati, huyu jirani wa miguu nyembamba, nilimfundisha mimi kufunga nira. Na mwenye alimwita ni Ayuma, bibi yangu. Nikamuuliza sababu. Akasema, "Mzee, wewe unalimanga na mdomo."

Nikajificha kwa miwa nione dawa yake. Hana dawa. Hana kiboko, hapigi mluzi. Ng'ombe zinafika mwisho zinageuka zenyewe. Uso yake ni kama mtu anakunywa uji. Na hakuangalia hata mara moja kama kuna mtu anamwona. Hiyo ndiyo ilininyima usingizi.

Juzi nikajaribu kwangu, kimya. Ng'ombe zikaenda vizuri, roho ikatulia, nikasahau hata Andati. Halafu nikageuza shingo nione kama Ayuma anaona. Mstari ikapinda kama nyoka imekanyagwa. Andati anaipitanga akienda dukani na hasemi kitu. Afadhali angecheka.

Sasa uliza mtawa wako mkubwa: mtu anafagia miaka ngapi ndiyo shingo iache kugeuka? Nijibu kabla ya Agosti, shamba ya akina mama italimwa tena. Na usiseme ni mimi nauliza. Sema ni Andati.

Ayuma anakusalimu, na dada yetu Rachael pia. Mungu akutunze, akupunguzie mchele.

Ni mimi kaka yako mwenye anakupenda, mlimaji wa kwanza Navakholo, wa pili kwa hii msimu tu,

Isaiah