Slava Haitoki Nyumba Hii

Jumatatu, 8 Desemba

Daftari hili lilikuwa la Hisabati. Limetumika ukurasa mmoja tu, na huo wenyewe nimechora trekta. Kuanzia leo lina kazi ya maana.

Baba Mkubwa Slavoljub amepiga simu kutoka Novi Sad. Tulimweka kwenye spika, maana Bibi ana mkono mmoja tu unaofanya kazi. Wa kulia aliuvunja wiki iliyopita, aliteleza kwenye barafu pale pampu ya maji. Sasa umefungwa plasta ngumu mpaka kiwiko, anatembea nao kama ameficha bunduki.

Baba Mkubwa akasema kwa upole, ule upole wake wa ofisini: Mama, mwaka huu slava tuifanyie kwangu. Nitakuja nikuchukue wewe na picha. Ukae na sisi mpaka majira ya kuchipua, halafu tutaona.

"Halafu tutaona." Nayajua hayo maneno. Slava ni sikukuu ya mtakatifu mlinzi wa ukoo; wetu ni Mtakatifu Nikola, na picha yake imekaa ukuta wa mashariki tangu enzi za babu wa babu. Ikitoka picha, anatoka Bibi. Akitoka Bibi, nyumba inatiwa kufuli. Na mimi nimeahidiwa sofa ya kulalia huko Novi Sad na kazi ya kuosha magari.

Bibi akasogeza mdomo kwenye simu. Kisha: "Slavoljub, njoo tarehe kumi na tisa, siku yake Mtakatifu. Ukikuta meza imeandaliwa na watu wameketi, utakula. Ukikuta meza tupu, utabeba picha, na mimi juu yake."

"Nani ataandaa, Mama? Kwa mkono huo?"

"Relja."

Baba Mkubwa akacheka mpaka spika ikakwaruza. Relja aliyeshindwa kumaliza hata useremala?

Sikushindwa. Niliacha. Ni vitu viwili tofauti.

Jumanne, 9 Desemba

Orodha ya Bibi: mazulia, mapazia, madirisha, bomba la jiko, kuni, kabati la vyombo, kuta za jikoni kupaka chokaa. Hapo hatujaingia kwenye kupika.

Nikamwambia, Bibi, hiyo ni kazi ya siku mbili. Akaniangalia vile anavyomwangalia jogoo kabla ya supu.

Alhamisi, 11 Desemba

Theluji imeshuka usiku, kavu, safi, mpaka magotini. Nikatoa mazulia yote saba. Unayalaza kifudifudi juu ya theluji, unayachapa kwa fimbo, unayainua — chini pamebaki mraba mweusi kama kaburi. Unahamia sehemu nyeupe, unachapa tena. Nimeichafua bustani nzima. Mazulia yanang'aa mpaka Bibi hakulitambua moja, akauliza tumeazima wapi.

Jirani yetu Mama Stamena alikuwa uzioni, kama kawaida. Huyo mama redio anayo ila haihitaji.

"Relja, nani kakukosea mpaka unalipiga zulia hivyo?"

"Nafanya usafi wa slava, mama."

"Slava? Kwenu?" Akaegemea uzio. "Nilifikiri tangu baba yako aondoke duniani, kwenu slava mmeifunga."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana iliniuma. Mwaka jana, slava ya kwanza bila Baba, tulikaa mimi, Bibi na mshumaa. Slava hualiki mtu, watu huja wenyewe, anayejua njia anakuja. Hakuja hata mmoja. Wengine waliona aibu, wengine walidhani hatuna nguvu. Bibi alifunika chakula, akasema baridi ni kali, watu hawatoki. Ilikuwa mvua tu.

Nimechapa zulia la nane ambalo halipo.

Jumamosi, 13 Desemba

Jana nilifua mapazia, nikayapiga pasi, nikayatundika. Leo nikafungua bomba la jiko kuondoa masizi.

Bibi alikuwa amesema anza juu, malizia chini. Bomba kwanza, mapazia mwisho. Lakini mtu mwenye kipaji hufuata njia yake.

Bomba lilipiga chafya moja tu. Jikoni pakawa usiku. Nilipofuta macho, Bibi alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake, mweusi kuanzia kitambaa cha kichwa, plasta nyeusi, na kikombe cha kahawa mkononi.

"Umemaliza?" akauliza.

"Bado kiungo kimoja, Bibi."

"Basi malizia. Zaidi ya hapa siwi mweusi."

Nimefua mapazia mara ya pili. Kijiji kizima, nani mwingine amefua mapazia mara mbili kwa wiki? Hakuna. Na jiko linavuta moto sasa, linanguruma kama basi jipya.

Jumapili, 14 Desemba

Bibi hataki kazi Jumapili. Nimelala. Nimelala vizuri kuliko mtu yeyote.

Jumanne, 16 Desemba

Kuta za jikoni, chokaa nimepaka mara mbili. Madirisha, kwa siki na gazeti. Kuni nimezipanga ukutani pembeni ya jiko kwa kufuata kamba, ncha zote sawasawa, Baba alikuwa akizipanga hivyo. Mzee Tihomir, mume wa Stamena, alisimama akazitazama, akatikisa kichwa: "Huyu kichwa chake kibovu lakini macho yake yamenyooka." Nilichukua nusu ya mwisho.

Nimempasulia na yeye kuni, kanipa samaki sita wa mtoni, wanene.

Padri Gavrilo alipita kubariki maji ya kukandia mkate. Kanyunyiza kila chumba kwa kishada cha mrehani, na mimi akaninyunyiza mara tatu. Wengine wote moja. Akasema atarudi Ijumaa asubuhi na mapema, ana nyumba kumi na nane siku hiyo, tusimcheleweshe.

Kesho napika. Bibi amenisomea mapishi yote kwa mdomo. Sijaandika kitu. Nina akili.

Jumatano, 17 Desemba

Naandika ili hasira ishuke.

Nilianza saa kumi na mbili asubuhi. Maharage ya kuoka, chungu kikubwa cha udongo, vitunguu kilo mbili. Kabeji chachu kutoka kwenye pipa, nikafungia wali na kokwa za jozi zilizotwangwa, vifungo tisini. Chapati za tabaka za maboga, sinia mbili. Bibi alikuwa na mafua, nikamwacha chumbani alale. Mpaka saa nane kila kitu kimeiva, harufu mpaka barabarani. Nilijiangalia kwenye kioo cha dirisha nikasema, Relja, wewe ni hatari.

Stamena akaingia kuazima chumvi. Chumvi anayo. Akachovya kijiko kwenye maharage. Akalamba. Akachovya tena. Kisha akakiweka chini taratibu, kama mtu aliyeona nyoka na hataki kumshtua.

"Relja mwanangu. Vitunguu umekaangia nini?"

"Mafuta."

"Ya nini?"

Nikamwonyesha kopo. Lile lile tunalotumia siku za kawaida. Mafuta ya nguruwe.

Tuko kwenye mfungo wa Krismasi. Siku ya Nikola huwa ndani ya mfungo kila mwaka, tangu nizaliwe nimeila meza ile: samaki, maharage, mafuta ya alizeti, hakuna nyama, hakuna maziwa, hakuna yai. Najua hilo kuliko jina langu. Na mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo — chungu, masinia, vitunguu, kila kitu nimekipaka nguruwe.

"Tangu lini Mtakatifu Nikola kaanza kula nguruwe?" Stamena akaanza kucheka. Alikaa chini ili acheke vizuri. Kisha akafuta machozi, akashusha sauti: "Sikiliza. Mimi sijaonja. Ladha yake haijionyeshi sana. Pilipili nyekundu kidogo, nani atajua?"

Nakiri nilisimama pale na pilipili mkononi.

Bibi alikuwa mlangoni. Sijui tangu lini. Hakugomba. Akasema: "Wageni hawatajua. Nitajua mimi, na wewe utajua. Nikola naye hana mafua." Akarudi kulala.

Basi. Nikapakia vyote kwenye mkokoteni, nikawapelekea mafundi wa umeme wanaosimamisha nguzo zilizoangushwa na theluji kule njia panda. Hao hawafungi. Walikula wamesimama, wakafuta masinia kwa mkate, mmoja akaniuliza kama mama aliyepika ana binti wa kuolewa.

"Nimepika mimi," nikamwambia.

"Basi, bahati mbaya," akasema.

Vifungo tisini. Nikivikumbuka nalia kavu.

Alhamisi, 18 Desemba

Kopo nimelizika kwenye theluji nyuma ya banda.

Vyungu nimevisugua kwa majivu na maji ya moto, mara tatu, mpaka vidole vimekunjamana. Kisha upya kabisa. Alizeti. Safari hii vifungo mia moja na kumi, kwa kiburi tu.

Mkate wa slava nimekanda na Bibi: yeye mkono wa kushoto, mimi miwili, jumla mitatu. Haruhusiwi mtu kupiga mlango unga unapoumuka, haruhusiwi mtu kugomba. Tuliongea kwa kunong'ona masaa mawili. Bibi kanisimulia jinsi Baba alivyokanda mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na sita, ukatoka mgumu hata padri akaomba shoka. Wangu umeumuka mpaka umeinua kitambaa. Ngano ya kuchemsha nayo tayari, imefunikwa kwa sukari.

Nilipokwenda dukani kuchukua mshumaa nikakuta wamenisubiri. Stamena ameshatangaza. Kila mtu kaipokea, kaongeza chake. Mmoja kauliza kama Nikola wetu anapenda soseji. Mwingine: kwenu kesho samaki ni samaki, au ana masikio na mkia wa kujikunja? Hata mwenye duka, ambaye hajacheka tangu vita, alinipa mshumaa akisema angalia usiupake mafuta.

Niliwajibu wote. Mdomo ninao. Lakini njia nzima ya kurudi masikio yalikuwa moto kwenye baridi ile.

Stamena nikamkuta uzioni. Mama, nikasema, ulisema hukuonja.

"Maharage sikuonja," akasema. "Ila habari, nani angeacha kuionja?"

Ijumaa, 19 Desemba

Naandika stoo, nimesimama, daftari liko juu ya pipa la kabeji. Saa tisa alasiri. Nina dakika mbili — nimetumwa chupa za rakija, pombe yetu kali ya matunda.

Kwa haraka, kwa mpangilio:

Padri Gavrilo alifika saa moja na nusu, kope zina barafu. Baba Mkubwa hajafika, barabara ilizibwa na theluji. Padri akawasha ubani, akatazama huku na huku. "Mwenye nyumba nani?"

Nikatazama mlango. Nikasema mtoto mkubwa wa Bibi yuko njiani, tumsubiri kidogo.

"Nina nyumba kumi na saba zinanisubiri mimi. Nimeuliza mwenye nyumba wa hapa nani."

Kitu kigumu kikanigonga mgongoni. Plasta ya Bibi. Nikajikuta mbele, mshumaa mkononi. Nikauwasha. Tukauzungusha mkate, padri na mimi, akaukata msalaba, akamimina divai, tukaupasua. Ulikuwa laini. Padri alipiga kipande, akapiga cha pili, akakumbuka yuko kazini. Bibi alikuwa anatazama picha, si mimi. Midomo yake ilikuwa inasema kitu. Nikasikia jina la Baba.

Kisha saa nne, saa tano — hakuna mtu. Meza imefunikwa. Nilitembea mlangoni na kurudi mara arobaini. Bibi akaanza kusema baridi ni—

Mlango! Mzee Tihomir na Stamena, na keki ya mfungo. Nyuma yao mwenye duka. "Tumekuja kumkagua nguruwe," akasema. Akaketi, akaonja maharage, akaacha kuongea. Nyuma yake wale wa jana wa dukani wote, kila mmoja na mzaha wake, kila mmoja anatikisa theluji kwenye zulia langu. Walikuja kucheka. Wameonja, wameomba tena. Rafiki wa Baba aliyekuwa hajakanyaga hapa miaka miwili alinishika mkono akashindwa kuuachia, akasema alikuwa anaona haya kuja. Nikamwambia kaa, mzee, utaona haya ukiwa umeshiba.

Sijakaa tangu asubuhi. Mwenye nyumba hakai siku ya slava, anasimama anahudumia. Miguu inawaka. Sijawahi kusikia raha hivi.

Baba Mkubwa kaingia saa nane na robo. Koti lake la mjini, na sanduku la mbao limetandikwa blanketi ndani, la kubebea picha. Alisimama mlangoni. Watu ishirini na saba, nimewahesabu. Mshumaa unawaka. Mkate umeshakatwa. Alitazama kuta, mapazia, kuni zilizopangwa pembeni ya jiko. Zile kuni alizitazama muda mrefu.

"Nani kapanga hizi?"

"Mimi, Baba Mkubwa. Karibu. Vua koti."

Hakuvua. Sanduku akaliweka chini ya benchi la viatu, huko huko barazani. Akala amesimama kona, akamaliza, nikamwongeza bila kumuuliza, akamaliza tena. Nikamkaribisha kiti, hakuna kiti. Mtu akampisha, akakataa.

Kuhusu picha hajasema. Kuhusu Novi Sad hajasema. Sijui atasema nini wakiondoka watu.

Sasa hivi gari limesimama getini, mafundi wa umeme, sita, wote wamenyoa. Nani kawaambia tarehe?

Baba Mkubwa kachungulia hapa stoo. Nikaficha daftari nyuma ya chupa. Koti amevua, mikono ya shati amekunja.

"Relja," ananiambia, "viti vimekwisha. Niende kwa nani?"

Kwa Stamena, nikamwambia, viko chini ya ngazi, na upite nyuma, mbele kuna barafu.

Akasema haya. Namwona kidirishani, anavuka uani na soksi zake za mjini ndani ya mabuti yangu. Anarudi. Vinne, viwili kila bega. Havitatosha, itabidi nimrudishe. Bibi anagonga mlango wa stoo kwa plasta, anataka chupa.