Mabati Matano Tuliyoyarudisha

Kihonda, Jumapili

Mama,

Nimechoka, Mama. Nimechoka mpaka kwenye kucha. Leo Deo ndiye anayepika, na ninavyokuandikia namsikia huko nje anagombana na mkaa uliolowa. Jana tulikuwa huko juu kwako. Tumepalilia njegere kuanzia tuta la chini mpaka lile lenye mgomba, halafu tukateremka kwa miguu hadi bodaboda zinapoishia, na ule mteremko unaujua mwenyewe. Magoti yangu bado yanacheza.

Ndiyo, nimeolewa! Hii ni wiki ya saba. Deo ni yuleyule fundi wa kuchomelea mageti, ambaye ulisema ana macho ya mtu aliyekosa chakula cha mchana. Mama, macho yale yananiangalia mimi kila siku asubuhi na bado sijazoea. Ananiita "mke wangu" hata mbele ya wauza nyanya, kwa sauti, mpaka wanacheka. Nikivua viatu ananiosha miguu. Ungekuwepo ungesema namtumikisha mtu wa watu, na ningekubali tu.

Kanisani Baba alinishika mkono mpaka mbele. Alivaa koti lile la kijivu, na kitufe kile ulichoshona kwa uzi mweusi bado kipo. Alicheza, alikula, aliwashukuru wageni wote. Sikujua anachokificha.

Unakumbuka nikiwa kidato cha pili, mwalimu wa Kiingereza alipotupa kazi ya kueleza tofauti ya house na home? Mimi niliandika kwamba house ni nyumba, na home ni nyumba kubwa. Nilirudi na daftari limejaa wino mwekundu. Baba alicheka mpaka akakohoa. "Mke wangu, umesikia? Mimi ninayo nyumba kubwa tu, ndogo sina!" Ukamrushia maganda ya njegere. Halafu, wewe uliyeishia darasa la nne, ukaniambia niyarudie yale maneno mawili, na ukafikiri huku unamenya. Ukasema, "House itakuwa hiyo anayoipigia misumari baba yako. Home itakuwa pale ambapo ukichelewa kurudi, mtu anatoka nje kuangalia njia." Niliandika hivyohivyo kwa Kiingereza changu cha kubahatisha. Mwalimu alinipa alama zote, nawe ukatembea siku nzima umeinua kidevu.

Sasa nikueleze.

Tulipomaliza msiba wako, Mjomba Alois aliitisha kikao. Unajua mambo ya kwetu, shamba hupita kwa mama, ni la ukoo wako, mume amekuja tu na jembe lake. Mjomba hakuwa na ubaya. Alisema kwa heshima, "Shemeji, dada yetu umemtunza. Nyumba hatuigusi, mabati ni yako, milango ni yako. Ardhi ndiyo yetu." Baba akajibu, "Sawa, shemeji." Mimi nilikuwa jikoni na akina mama wa ukoo, nalia, sikusikia mengine. Kumbe walikubaliana akae mpaka nitakapoolewa, kisha arudi kwao ng'ambo ya mlima.

Mama, mimi nilikuwa nahesabu wiki za kuolewa kwa furaha, na yeye alikuwa anahesabu wiki hizohizo.

Wiki ya pili ya ndoa nilipanda nimpelekee picha za harusi. Kabla sijafika nilisikia nyundo. Nikadhani anaziba panapovuja. Nilipokaribia nikamwona juu ya paa, na mabati matano yameegemezwa kwenye ukuta. Yale mabati aliyoyabeba kichwani kutoka mjini, mojamoja, nikiwa darasa la tatu. Nikaona chumba chenu kiko wazi, ukungu unaingia mpaka kitandani kwako.

"Baba, unafanya nini?"

"Nafungasha, mwanangu. Naenda kwetu."

Kwao! Mtu ambaye hajalala huko tangu ujana wake. Dada zake wamekufa, na wapwa zake hawajui hata kama chai anainywa na tangawizi. Nilikaa chini kwenye matope na gauni langu jipya. Nilisikia sauti yako ukimenya njegere. Nikajiuliza, hayo mabati atayapigilia kule, sawa, lakini akichelewa kurudi nani atatoka nje?

Jumamosi iliyofuata nilimchukua Deo tukaenda kwa Mjomba. Tukamwamkia, tukapewa viti, nikasema, "Mjomba, shamba la Mama sasa ni la nani?"

"Lako, mpwa wangu. La nani tena?"

"Basi kama ni langu, Baba anakaa kwangu. Mimi simfukuzi."

Akamgeukia mkewe. "Huu mdomo si wa dada yangu kabisa? Amekufa ametuachia mdomo." Mkewe akacheka, Deo akacheka kwa woga. Lakini Mjomba ni Mjomba. Aliinua kidole: "Atakaa. Ila shamba lisilale, na asilime yeye peke yake kama kibarua. Mwenye shamba ni wewe, tukuone na jembe. Likilala msimu mmoja, nampa binti mwingine wa ukoo."

Ndiyo maana nimechoka, Mama. Wiki nzima niko kwenye cherehani, Jumamosi niko kwako juu. Deo mikono yake imezoea chuma, haikuzoea jembe; Jumamosi ya kwanza alitoka malengelenge matatu, na usiku huo mabusu yangu yote yaliishia viganjani mwake. Ndiye aliyeyarudisha mabati. Baba alimshikia ngazi, akimkosoa kila msumari: "Taratibu, mkwe, hilo si geti!"

Jana bodaboda iliharibika njiani. Tukapanda kwa miguu, mvua ikatunyeshea, tukafika tumechelewa sana, saa nne asubuhi imeshapita. Nilikuwa naburuza miguu, naona kila hatua ni adhabu, najiuliza nitaweza misimu mingapi. Kisha pale kwenye kona ya mgomba nikainua macho. Baba alikuwa amesimama nje, gunia kichwani kujikinga mvua, anaangalia njia.

"Mmechelewa," akasema. Akaingia kuchochea moto.

Mama, sijui kesho nitanyanyukaje kitandani. Ila nakuahidi, tuta lako hata moja halitalala nikiwa na mikono. Deo ananiita, ugali umeiva, nadhani umeungua kidogo. Pumzika wewe, ulishalima vya kutosha. Jumamosi napanda tena.

Binti yako,
Felista