Boksi la Inchi Sitini na Tano

Bi Hadia mpendwa,

Asalaam aleikum. Naomba msaada wako kabla ya Ijumaa, maana Ijumaa baada ya sala nitaumbuka mbele ya watu, na tafadhali sana usilitaje jina langu redioni.

Mimi ni kijana wa Wiyoni, karani katika ofisi moja hapa Amu, kazi yangu ni kupokea barua, kuzipa nambari na kuzitia faili, na tangu nianze sijapoteza hata karatasi moja, nalisema hili ili ujue kwamba si mtu wa upuuzi. Nimeposa mtaa wa Mkomani, na mchumba wangu, Huwaida, amepewa nyumba na babake kama ilivyo ada yetu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayeingia kwake, na ni nyumba ya mawe yenye zidaka, vile vishubaka vya chokaa, ukuta mzima, na kila kitu kimo isipokuwa runinga, nami kwa kuona haya kuingia mikono mitupu nikasema runinga ni juu yangu.

Ningeishia hapo ningesalimika. Lakini alasiri moja nimekaa barazani na kakake, Ammar, akaniuliza mbele ya watu, "Shemeji, watuletea ya inchi ngapi, au ni ile ya kuchungulia?" watu wakacheka, ulimi ukaniponyoka nikasema sitini na tano, HD ya juu kabisa, na kabla ya magharibi habari ilikuwa imemfikia shangazi yao, Bi Mwanamkisi, ambaye ndiye mwenye neno la mwisho katika ukoo ule.

Nilikuwa na shilingi elfu thelathini na tano. Nilikwenda kwa Yassir mwenye duka, nikazikagua zote, nikaandika bei na vipimo kwenye daftari, nikarudi mara nne, mpaka akaniambia, "Bwana, hizi ni runinga, si wake wa kuposa. Ya sitini na tano ninayo, pesa huna. Pesa zako ni za arobaini na tatu, HD kamili, na chenji yabaki." Nikawaza kwamba kama si sitini na tano basi aibu ni ile ile, iwe arobaini na tatu au thelathini na mbili, na afadhali ninunue ndogo ya kushikilia nafasi, kisha nikisha kuoa niweke akiba nibadilishe pasipo mtu kujua. Dukani palikuwa na boksi tupu la sitini na tano, runinga yake ilichukuliwa na hoteli, nikaliomba, nikatia ile ya thelathini na mbili ndani, nikaizungushia vipande vya godoro na kuliziba kwa selotepu, vizuri, hata haijulikani kwamba liliwahi kufunguliwa.

Wewe wajua mji wetu, hakuna gari la kufichia kitu, kila chombo cha harusi hupita kichwani mwa mtu huku mtaa mzima ukikikagua, na boksi lile lilipita Mkomani yote, wanawake madirishani wakisema maashallah, na Mola anisamehe, nilifurahi. Balaa lilianza ngazini. Hamali alilitua akaninong'oneza, "Bwana, mbona runinga yako nyepesi hivi, imefunga Ramadhani na sita?" Ammar akaja kutusaidia kwenye kona, akaliinua kwa mkono mmoja, akanitazama, akasema tu, "Teknolojia imeendelea, shemeji." Tangu siku hiyo hajaligusia tena, nami silali.

Niliwaomba lisifunguliwe mpaka baada ya harusi, eti kwa sababu ya vumbi la chokaa, lakini Bi Mwanamkisi ametangaza kwamba Ijumaa, wanawake wakija kutazama vyombo, litafunguliwa mbele yao. Amesema, "Boksi tumeliona ndia nzima. Sasa tutakuya tuione runinga kwa mato." Kwa macho, Bi Hadia, na njia nzima mimi ndiye niliyelipitisha.

Nimefikiria njia tatu: niseme imevunjika njiani, niseme kiwanda kimekosea kupakia, au niugue. Huwaida sijamwambia lolote. Kwa ukamilifu wa taarifa nataja kwamba yeye hushona nguo, na mwezi uliopita aliupima msana, yaani chumba tutakachokaa, kwa futi yake ya kushonea, akaniletea ujumbe ufuatao: "Kutoka kwenye matandiko hadi zidaka ni futi saba. Arobaini na tatu yatosha. Usiutoboe ukuta." Niliupiga chapa nikautia kwenye faili la harusi.

Nifuate ipi kati ya njia hizo tatu?

Karani, Wiyoni

*Jibu la Bi Hadia*

Bwana Karani,

Waaleikum salaam. Jina lako sikulisoma, na ya wenzako nimeyabadilisha. Boksi ndilo nililoshindwa kulibadilisha. Umeiandikia redio inayosikika kutoka Wiyoni hadi Pate, ukaeleza ngazi, hamali na vipande vya godoro, kisha ukaomba usijulikane. Mwenye siri humwendea imamu; aliyeiandikia redio amechoka na siri yake. Kwa hiyo usihesabu tena mpaka Ijumaa. Una mpaka kipindi hiki kiishe.

Nakuhurumia kidogo. Kijana anayeingia nyumba ya mkewe huona haya, na marehemu mume wangu aliingia kwangu na redio ya betri na taa moja. Shemeji zake walicheka wiki nzima. Lakini ile ilikuwa redio kweli, ukiiwasha inasema.

Wewe umerudi dukani mara nne na daftari, na katika mara nne hizo hukuuliza swali moja la maana: mtazamaji atakaa wapi? Nyumba za Mkomani upana wake ni urefu wa boriti, na waliokata boriti hizo hawakuwa na habari ya inchi zako. Msana ni mrefu kama ndia na mwembamba kama ndia. Tia sitini na tano mle, mtu akae futi saba mbele yake, atatazama taarifa ya habari huku akizungusha shingo kama aliye kwenye mashindano ya punda. Maana yake ni kwamba hata ungekuwa na pesa, ungenunua upumbavu. Umedanganya ili ujisifu kwa kitu ambacho hakifai.

Arobaini na tatu ndiyo iliyofaa. Yassir alikwambia. Huwaida alikwambia, akakupimia na kukuandikia, mistari mitatu, wala hakuongeza neno la kukudhalilisha. Ukaupiga chapa ukautia faili. Hilo ndilo lililonikasirisha kuliko boksi. Nyumba ni yake, futi ni yake, macho yatakayotazama ni yake, na katika barua yako yote umemwogopa Ammar, umemwogopa shangazi, umemwogopa hata hamali. Umeogopa kila mtu isipokuwa yule uliyemkosea.

Njia zako tatu ni takataka. Ukisema imevunjika, umemtwisha lawama mchukuzi aliyekubebea uwongo kichwani na akauficha. Ukisema kiwanda kimekosea, niambie ni kiwanda gani hupakia godoro. Ukiugua, watalifungua hivyo hivyo, kisha watakuletea uji. Na Ammar anajua, alijua pale pale ngazini. Siku zote hizi anakungoja useme mwenyewe, na hiyo ni heshima ambayo hukuistahili.

Sasa sikiliza. Zima redio umpigie Huwaida kabla jirani hajampigia. Usianze na sababu, anza na kosa, na ukimaliza nyamaza, umwache aseme anavyotaka. Akikukataa, usimlaumu mtu. Hiyo thelathini na mbili itakutosha chumbani kwako Wiyoni. Akikubali, mtafute Ammar leo alasiri, mwende pamoja, ulifungue boksi kwa mkono wako mbele ya Bi Mwanamkisi. Atakucheka. Kaa uchekwe mpaka amalize, maana kicheko cha leo kina mwisho, cha Ijumaa kitarithiwa na wajukuu.

Kesho mrudishie Yassir hiyo ndogo ingali mpya, ongeza pesa, uchukue arobaini na tatu. HD kamili usiisome kwenye kibandiko, mwambie aiwashe uone maandishi madogo yanasomeka. Chukua risiti na dhamana. Iweke juu ya meza, mbali kidogo na ukuta, kwa sababu kuta zetu hutoa chumvi na chumvi hula nyaya. Zidaka usiziguse hata kwa msumari mmoja. Umeshaambiwa na mwenyewe.

Na lile boksi kubwa, hamali asiliguse tena. Lirudishe dukani wewe, kichwani, mchana kweupe, kwa ndia ile ile uliyolipitisha. Wakikuuliza madirishani lina nini, waambie halina kitu. Litakuwa neno la kwanza la kweli kusemwa juu yake.